Kelele ya Mashine ya Unga

Sasa Mbio-Mbio wangu,

Huku Gatuanyaga tuko salama, na ile ng'ombe yako imezaa. Umeniuliza mimi cucu, nyanya yako, mbona watu wa Ruiru wanaingia kwa kliniki yako ya akili, wanakaa tu, hawasemi.

Miaka ya hamsini nilikuwa msichana wa kufagia dispensari, Thika. Nesi Njeri alitaka wenye shida za akili watibiwe karibu, wasipelekwe kufungiwa hospitali ya wazimu Nairobi. Chumba tulichopata kilipakana na mashine ya unga ya Bwana Singh. Nikasema, "Nesi, na hii kelele, nani atasikika?"

Dada yangu Wambui alikuwa amenyamaza tangu azike mtoto. Bwana yake alikuwa ashasema, asipoongea, ni Nairobi. Siku aliyoletwa kwa Nesi, mashine inanguruma, nikaona kwa mlango midomo yake inaenda. Mara mkanda wa mashine ukakatika. Kukawa kimya, Wambui naye akanyamaza, akiangalia foleni ya akina mama nje wakingoja kusagiwa mahindi, ambao sasa wangemsikia.

Nikawakimbilia. "Mama zangu, pigeni kelele, tafadhali."

"Kelele gani, wewe kichwa-moto?" mmoja akauliza. Halafu akaangalia mlango, akaanza kupiga debe lake akiimba. Wote wakafuata, hata Bwana Singh na spana yake.

Wambui akaendelea. Alichosema sijui mpaka leo, lakini Nairobi hakwenda.

Sasa nasikia kliniki yako imetulia sana, hata walio kwa benchi wanasikia mgonjwa akikohoa ndani. Ungekuwa Wambui hapo, wewe ungefanya nini?