Neno Moja Uani kwa Bi Tabia

Mwembetanga, Ng'ambo,
Unguja.
18 Novemba, 1968

Mpendwa mwana wa ami, Jecha,

Kwa heshima zote, na baada ya kusafisha koo, mimi Borafya Silima, mwalimu wa Kiingereza, mume wa mke mmoja na mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, nautangazia ulimwengu, kuanzia huko Cardiff uliko, kwamba tangu kuandama mwezi wa Shaaban hadi leo nimefundisha neno moja. Neno lenyewe lina herufi tatu. Na bado hatujalimaliza.

Nshatangaza, sasa tuamkiane. Shikamoo yako nimeipokea, marahaba. U hali gani? Kifua kimetulia, au baridi ya huko bado inakipigia ngoma? Sisi huku wazima, isipokuwa meno yangu, ambayo yanahama moja moja bila ya kuaga. Mama yako nilikwenda kumtazama Uroa Ijumaa iliyopita. Hajambo, anasuka ukili wake, na amenuna kwamba unaniandikia mimi zaidi kuliko yeye. Mwandikie, tafadhali. Mimi sina nguvu za kununiwa na watu wawili, na Shemsa wangu ananitosha.

Sasa habari ya neno. Kosa ni lako. Si wewe uliyeniandikia kwamba huko kiwandani mtu anaweza kuishi kutwa kwa neno "get" peke yake? Kwamba Mwingereza anaamka nalo, anapanda basi nalo, anapokea mshahara nalo, anashikwa na mafua nalo, na akikuchoka anakufukuza nalo? Nilicheka peke yangu, kisha nikaichukua barua yako nikenda nayo darasani.

Darasa langu unalijua kwa sifa: akina mama wa Ng'ambo, baada ya sala ya Alasiri, katika chumba cha skuli ya watoto. Madawati ni madogo, na wanafunzi wangu, Mungu awazidishie, si wadogo. Mbele kabisa hukaa Bi Tabia, yule anayepika vitumbua, ambaye binti yake aliolewa na baharia akahamia huko huko kwako. Ana wajukuu wawili ambao hajapata kuwaona, na Kiswahili hawakijui. Humwandikia bibi yao kwa Kiingereza, naye huzibusu barua zao kwanza, ndipo akaniletea nimsomee. Siku aliyojiandikisha aliniambia, "Mwalimu, mimi sitaki cheti. Nnataka watoto wale wakinambia neno, niwajibu mwenyewe, kabla sijafa."

Basi nikaliandika "get" ubaoni, na mambo yakaharibika kwa uzuri. Nilitoa maana ya kwanza, kupata. Bi Wanu, fundi wa kushona, akauliza mbona katika barua ya Jecha mtu ame-"get" nyumbani: nyumba kaipata, au kaifikia? Kaifikia, nikasema. Na huyu wa hasira? Huyo kakasirika. Na huyu anayesema "I get it" na mkononi hana kitu? Huyo kafahamu. Tukaanza kuwatafuta jamaa zake, maneno mengine ya Kiingereza yanayoweza kukaa pahala pake: "receive", aliyevaa kanzu ya ofisini, "fetch", anayetumwa dukani kila saa, "become", asiyetulia na sura moja, "arrive", mwenye begi mkononi. Hao wote wakienda kulala, "get" anabaki kuwafanyia kazi zao. Bi Tabia akalitazama ubaoni kwa huruma, akasema, "Masikini, limefanana na mimi. Kutwa halikai."

Tukaweka utaratibu kwamba kila mmoja aende nalo nyumbani kama mgeni, ashinde nalo, halafu atuletee habari wapi lilimfaa. Mmoja alimwamsha mumewe nalo. Mwengine aliwafukuza kunguru nalo. Bi Wanu alilitumia kwa wifi yake, na hakutaka kutuambia kwa maana ipi.

Wiki iliyopita akatuingilia Ndugu Mkadam, mkaguzi, kijana wa suruali ya pasi na mpango uliopigwa chapa: maneno kumi kwa siku, kila neno maana moja, na yote yaimbwe kwa sauti.

"Mwalimu, leo mpo neno gani?"

"Get," nikamjibu.

"Na jana?"

"Get."

"Na wiki iliyopita?"

Hapo darasa zima likamjibu kwa pamoja, na kwa sauti hasa, kama mpango wake unavyotaka.

Hakucheka. "Maana yake ni kupata. Imekwisha. Futa ubao uandike mengine tisa."

Bi Tabia akanyanyua mkono. "Mwanangu, mjukuu wangu kaandika kwamba alipanda mti, halafu aka-'get down'. Kapata nini huko mtini?"

"Bibi, hayo hayamo katika mpango."

"Mpango wako una wajukuu wangapi?"

Ndivyo darasa lilivyofungwa. Ndugu Mkadam akautia ufunguo mfukoni, akasema chumba hakitafunguliwa mpaka mwalimu akubali kuufuata mpango.

Hapa mtaani wanasimulia kwamba nilimtupia chaki miguuni, nikamwambia Kiingereza si mchele, hakipimwi kwa kibaba. Muuza kahawa hunitilia kikombe cha pili bila ya kuombwa, na vijana wa barazani hunipisha nikae katikati. Maneno mazuri kweli yale. Natamani ningeliyasema.

Mengine ya huku ni madogo. Vuli imeshika na jikoni kwetu kunavuja, kwa hiyo Shemsa anapika na mwavuli. Ramadhani iko mlangoni. Lile koti ulilotuma limenienea mabegani, tumboni limekataa.

Sasa nikupe ukweli, maana wewe ni damu yangu na kahawa hunipi.

Chaki sikuitupa. Nilifuta ubao, Jecha. Niliufuta vizuri, mpaka pembeni, na akina mama wananitazama. Kisha nikenda nyumbani nikamwambia Shemsa nina homa. Akaniwekea mkono kwenye paji, akasema, "Homa hii imevaa suruali ya pasi," akenda zake jikoni. Chai aliyoniletea haikuwa na sukari.

Asubuhi yake, hodi. Mlangoni wamesimama Bi Tabia na Bi Wanu, mabuibui ya kutokea, wananukia udi, wamesimama vile vile wanavyosimama wanawake wanaopita nyumba kwa nyumba kualika harusi. Desturi yetu hujaisahau: ukishaalikwa kwa mdomo mlangoni pako, usipokwenda na huna udhuru, watu watakukumbuka kwa hilo mpaka siku ya maziko yako.

"Bi Tabia anakualikeni darasani, uani kwake, leo baada ya Alasiri," Bi Wanu akamwambia Shemsa kwa ile sauti ya mwaliko. "Na Mwalimu naye kaalikwa. Kama ana homa, tutamwombea dua."

Mimi, Jecha! Naalikwa katika darasa langu mwenyewe kama jirani! Na hawakuishia kwangu. Walipita Mwembetanga yote, wakaingia Kikwajuni, wakapiga hodi hata nyumbani kwa Ndugu Mkadam, wakamwalika mama yake, Bi Mwanaasha.

Nilikwenda. Nilikaa nyuma kabisa, karibu na banda la kuku. Ua ulijaa wanafunzi na wasiokuwa wanafunzi, na Bi Tabia kaliandika neno letu ukutani kwa kipande cha mkaa. Ndiyo kwanza tunaanza, akaingia Ndugu Mkadam, anahema.

"Nani kakupeni ruhusa?"

"Vua viatu, Mkadam," ikasema sauti kutoka mkeka wa mbele. "Unakanyaga mikeka ya watu."

Alikuwa mamake. Akavua. Lakini hakuondoka. Alisimama na soksi zake, akatoa kalamu. "Mimi nauliza moja tu. Mwalimu wa darasa hili ni nani?"

Nikamwona Bi Tabia anafungua mdomo. Alikuwa anataka kusema ni yeye, na taabu yote ingelimwangukia yeye, mwanamke ambaye haja yake ni kusema na wajukuu zake tu. Nikasimama. Nikasema, "Mimi."

Basi. Hotuba yangu yote ndiyo hiyo. Na sauti yenyewe ilitoka kama ya kifaranga, hata Bi Wanu akageuka kutazama bandani.

Ndugu Mkadam akaliandika jina langu, akatoka na viatu mkononi. Juzi nimeletewa barua kwamba nimesimamishwa kazi mpaka niombe radhi na niahidi kuufuata mpango. Sikuomba. Sitaomba. Tutakula muhogo, na mfungo nao unakuja, tutajifanya tumeuanza mapema. Shemsa keshaanza kunitilia sukari. Jana uani watu walizidi kuliko siku ile ya mwanzo, na Bi Mwanaasha alikuja na mkeka wake mwenyewe. Na kama yuko mtu anayeifungua barua hii njiani kabla haijakufikia, naye namwamkia. Akitaka kujifunza, nafasi ipo, karibu na kuku.

Bi Tabia ameniagiza nikutumie maneno haya uwapelekee wajukuu zake. Kayatunga mwenyewe na kanikataza kuyagusa: "I get old. You get tall. Get ship. Get home." Yaani yeye anazeeka, wao wanarefuka, watafute meli, wafike nyumbani. Nenda kawasomee wewe, polepole, kisha uwaambie wamjibu moja kwa moja. Simsomei tena.

Shemsa anakusalimu, na Bi Wanu, na mama yako Bi Kidawa kwa salamu zenye kununa. Nisalimie wote unaokaa nao nyumba moja. Mungu akupe kifua kizima na riziki ya halali, akukutanishe nasi tukiwa hai na wewe ukiwa bado unatutambua.

Mimi nduguyo nikupendaye, asiye na kazi ila ana darasa,

Borafya Silima