Nyumba Niliyosema ni ya Mama

Nyanchwa,
Mjini Kisii.
Jumapili, 18 Mei 2025

Mpendwa Mjomba Angwenyi,

Pokea salamu nyingi kutoka nyumbani. U hali gani huko Minnesota? Goti lako limepona, au bado linakutabiria theluji? Mama Brandon hajambo, na watoto? Sisi huku, kwa rehema za Mungu, tu wazima wa mwili. Nimesema wa mwili kwa makusudi, na mbele utaona kwa nini.

Mvua haijatupa nafasi tangu Aprili. Upepo umeangusha migomba kadhaa kule Ikonge, lakini chai imechipua vizuri, na mama anachuma mwenyewe ingawa nimemkataza mara kumi. Unamjua dada yako. Ukimkataza, anaongeza kikapu.

Najua unashangaa kuona karatasi zama hizi. Ningekupigia simu ya video kama kawaida, lakini uso nilio nao mwezi huu hauonyeshiki. Soma ukiwa umekaa.

Unakumbuka ulivyojivuna mbele ya washiriki wenzako wa kanisa huko kwamba mpwa wako ameajiriwa na ile kampuni ya wasanifu majengo. Hukujivuna bure. Mpaka leo watu husafiri kuja kuona kazi yetu. Zahanati tuliyojenga Birongo haina hata feni moja, na bado mgonjwa hatoki jasho saa saba mchana, kwa kuwa madirisha ya juu yanatoa nje hewa ya moto. Kuta ni za matofali ya udongo ulioshindiliwa kwa mashine bila kuchomwa, kwa hiyo hakuna mti uliogeuzwa kuni za tanuri. Maji ya mvua hushuka kutoka paani hadi kwenye tangi. Haya nimewaeleza wageni mara nyingi hadi nayaongea usingizini.

Mkurugenzi wetu, Bi. Beverlyne, ana sheria moja: usimchoree mtu nyumba ya udongo ambayo wewe hungemlaza mama yako ndani yake. Siku ya kuniajiri aliniuliza mama yangu analala wapi. Nikajibu kwamba nakaribia kumjengea, ya udongo, na ramani iko tayari. Siku hiyo sikuwa nimedanganya.

Ilipofika wakati wa kujenga, nikaona haya. Momanyi, niliyesoma naye, alikuwa amemjengea mamake nyumba ya mawe ya kuchonga, paa jekundu, sakafu ya kuteleza. Nikawaza watakavyosema sokoni: kijana amesomea majengo miaka sita, kisha amemkandikia mama yake tope. Na mama mwenyewe aliitaka ile ya udongo! Alikuwa ameshachagua dirisha la kutazama chai yake, na alitaka udongo uchimbwe shambani mwake. Nikamkatalia. Nikaleta mawe kwa lori, na watu wakanipongeza. Mkataa kwao mtumwa, Mjomba, na mtumwa huyo anakuandikia.

Ramani ile nilimpa Nyanchera, yule mjane jirani ya mama, wa ng'ambo ya barabara. Vijana wa kanisa wakamjengea, na kusema kweli ndiyo nyumba nzuri kuliko zote nilizowahi kuchora. Nikaipiga picha, nikaipeleka ofisini, nikasema ni ya mama. Picha ikatundikwa juu ya meza yangu miaka miwili.

Njia ya mwongo ni fupi. Mapema mwezi huu walikuja wasanifu sita kutoka Mwanza, na Bi. Beverlyne akawaahidi kwamba wataiona nyumba ya mama yangu. Nikamkimbilia Nyanchera, nikamsihi awapokee mlangoni kama mama yangu. Yeye hakuona ubaya. Kwetu kila mwanamke wa rika la mama ni mama, nami nikajificha nyuma ya desturi hiyo. Nilichagua hata saa ambayo mama huwa kwenye kituo cha kuuzia chai akipima majani.

Wageni walikuwa bado wanapapasa kuta wakati mama alipotokea. Mtu wa boda boda alikuwa amempasha habari kwamba wageni wa mwanawe wamefika. Akayaacha majani yake kwenye foleni, akaenda kuvaa gauni la Sabato, akaja na chupa ya chai na ndizi mbivu, kwa maana mgeni wa mtoto wako haondoki bila kutia kitu mdomoni. Alidhani nimewapitisha kwa jirani kwanza.

Bi. Beverlyne akauliza, "Na huyu mama ni nani?"

Nyanchera akatazama chini. Mimi ndiye niliyejibu. Nilisema, "Huyu ni jirani."

Nimeiandika sentensi hiyo mara tatu na kuikata. Naona aibu hata mbele ya karatasi.

Mama alinitazama kwa muda wa kuweka kikapu chini, haukuzidi hapo. Kisha akawageukia wageni na kile Kiswahili chake cha shule. "Ndiyo, mimi ni jirani. Nyinyi kunyweni chai, itapoa." Akawamiminia wote. Aliponifikia akauliza, "Na wewe, mgeni, unatumiaga sukari?" Mama yangu mzazi! Chai niliimaliza, kwani kuibakiza kungekuwa tusi la pili.

Sabato iliyofuata nilienda kanisani nikitarajia mhubiri anipasue vipande. Akahubiri juu ya zaka.

Jumatatu nilimweleza Bi. Beverlyne yote. Hakunifukuza kazi, ingawa ningeona afadhali. Alisema mawe si neno, hayo angeyasamehe siku ile ile. "Lakini umenifanya nimshukuru mama yako kama mtu baki," akaniambia, akaishusha ile picha kwa mkono wake mwenyewe.

Juzi Ijumaa nikaenda Ikonge kuomba radhi. Nyumba ya mawe niliikuta imefungwa. Mama amehamia jikoni, kile kibanda cha zamani ambacho paa lake linavuja pembe mbili, na kifua chake unakijua msimu wa baridi. Nilipiga magoti pale mlangoni kwenye matope. Hakunigombeza. Akanikabidhi ufunguo, akasema nyumba ile niliwajengea watu wa soko, basi nimwite Momanyi aje alale humo. Nikamwambia nitambomolea na kumjengea ya udongo aliyoitaka. Akaendelea kuchambua mboga.

Ndiyo maana nimekuandikia. Katika ukoo wetu, kama ujuavyo, jambo la namna hii mtoto halimalizi peke yake, humtafuta mtu wa upande wa mama. Najua fimbo ya mbali haiui nyoka, lakini sauti yako anaisikiliza kuliko ya mchungaji. Mpigie. Usimwombe anisamehe, hilo ni langu na nitalihangaikia mwenyewe. Mwombe tu alale palipo pakavu kabla Juni haijaingia. Yeye hatakusimulia lolote, atakuambia sote tuko salama. Mwambie nimeshakueleza, hata lile neno nililomwita.

Wasalimie sana Mama Brandon, Brandon mwenyewe na Emily. Bwana awatunze kazini na barabarani, na awarudishe nyumbani mkiwa na afya. Natamani urudi upesi, ingawa naogopa siku nitakayokutazama machoni.

Jambo la mwisho, halafu niweke kalamu chini. Juzi nilipoondoka, mama alinisindikiza hadi barabarani, kama amsindikizavyo kila mtu. Akanipa mkono. Mjomba, tangu nizaliwe mimi na mama, tukiwa wawili, hatujasemezana ila kwa Ekegusii. Ijumaa aliniaga kwa Kiswahili. Alisema, "Haya, asante kwa kututembelea. Ukifika, msalimie mama yako."

Mimi mpwa wako nikupendaye,

Nyasani, mtoto wa dada yako Mokeira.