Nilificha Pini ya Breki, Shemeji Akafukuzwa Kazi

Mpendwa Shangazi wa gazetini,

Salamu nyingi kwako na kwa wote wa nyumbani kwako, natumaini u mzima na ule mguu uliosema unakusumbua umepata nafuu, sisi huku hatujambo kwa neema ya Mungu, ila mimi moyoni si mzima, ndiyo maana nimeshika kalamu.

Mimi ni mama wa miaka arobaini na tisa, mpishi wa kikosi cha kuchimba visima, na mume wangu ndiye dereva wa kikosi hichohicho, na kwa miezi minane ya mwaka nyumba yetu ni karavani, yaani chumba cha mabati chenye magurudumu kinachovutwa na gari, kina vitanda vinne, jiko la gesi na kabati ambalo mlango wake unafungwa kwa kamba, na tunalipitisha tela hilo njia ambazo hata mbuzi angeomba ushauri kwanza. Kikosini wanamwita mume wangu Injinia, cheo alichojipa mwenyewe, maana shule wote wawili tuliiacha njiani, na mdogo wake, yaani shemeji yangu aliyekuwa fundi wetu, wanamwita Fyuzi kwa sababu ya mapenzi yake na umeme.

Sasa Shangazi, vumilia kidogo nikueleze breki, ndipo utanielewa. Tela letu lilikuwa na breki za msukumo, kwamba gari likipunguza mwendo tela linalisukuma kwa nyuma, na msukumo huo ndio unaovuta waya, basi tela linajifunga breki lenyewe bila kuambiwa, kama mke mwema. Shida ni kwamba ukirudi rivasi nalo linasukumwa, linadhani unasimama, linajifunga, halitaki kwenda. Kwa hiyo kuna pini ya chuma, unaichomeka mbele pale tela linaposhikana na gari, breki zinalala, unarudi unakotaka, kisha unaichomoa. Mume wangu goti lake bovu, hashuki, kwa hiyo pini ni kazi yangu, pamoja na kupiga kelele, "Rudi, rudi, kata kushoto, kushoto kwako baba, si kwangu!"

Asubuhi moja tulikuwa tunahama, kisima kimetoa maji, watu wamefurahi, nikachomeka pini, nikaliongoza tela likatoka vizuri kabisa, mara nikasikia sufuria zinaporomoka ndani ya karavani, nikakimbilia kufunga lile kabati, Injinia akapiga honi mara tatu maana yeye kila siku ana haraka kama anachelewa mbinguni, nikaruka ndani ya gari, tukasali sala ya safari, tena mimi ndiye niliyeiongoza, tukaanza kuteremka mlima na pini imo mahali pake imetulia.

Kona ya pili tela likaanza kutusukuma, Injinia akakanyaga breki za gari mpaka akainuka kwenye kiti, gari likaenda ubavu, tukaja kukwama kwenye rundo la udongo, hatua nne kutoka korongoni. Hakuna aliyeumia, Mungu ni mwema, na hapo ndipo ningesema. Lakini wanaume walikuwa ukingoni wanapima kwa macho tungeanguka umbali gani, nikapita nyuma ya gari, nikaiona pini, nikaichomoa, nikaitia kwenye mfuko wa aproni. Sijui mkono ulitumwa na nani.

Injinia alipokuja kukagua akakuta breki nzima, hakuna kilichokatika, basi akaona kosa ni la aliyezikaza. "Jana nani alizikaza?"

"Mimi, kaka."

"Basi wewe ndiye uliyetaka kutuua."

"Kaka, naapa kwa mama, nilizikaza nikazijaribu mara mbili."

"Mama usimwingize kwenye kazi mbovu!"

Akampigia bosi simu palepale, na Fyuzi akafukuzwa kabla maji ya chai hayajachemka. Chai niliichemsha mimi.

Huu ni mwezi wa tatu ndugu hawa hawasemezani. Shemeji anatengeneza feni na pasi kwenye kibaraza cha duka, na wapita njia wanamtania, "Fundi, pasi yangu usiikaze breki, ina watoto!" Mama mkwe akaja kwenye kikundi chetu cha maombi akaomba tumwombee mwanawe aungame kosa lake, na mwenyekiti siku hiyo hakuwepo, nikaombwa niongoze mimi. Nikaongoza. Niliomba vizuri mno Shangazi, watu walilia.

Na nyumbani sasa ni mafundisho ya breki asubuhi na jioni. Injinia anapanga vijiko mezani kuonyesha magurudumu, anamwambia jirani yetu kinyozi, "Za msukumo hazitaki umeme, zinavuka mto zinatoka zinafanya kazi, ila mteremko mrefu zinashika njia nzima mpaka magurudumu yananuka. Za umeme una kidude chako karibu na usukani, unalifunga tela peke yake kabla halijakusukuma, linanyooka nyuma yako. Ila jiwe moja likikata waya, kwisha habari." Kinyozi anauliza, "Na za mafuta?" "Zina nguvu, lakini nazo zinangoja kusukumwa." Kisha ananigeukia, "Mke wangu, wewe unaonaje?" Nami nasema tumwachie Mungu.

Bosi amechagua za umeme. Boksi limeshafika, Injinia atazifunga mwenyewe Jumamosi ya mwisho wa mwezi, na Jumatatu yake tunateremka mlima uleule. Nami najiuliza, hizi mpya hazina pini, je, zikishafungwa si mambo ya zamani yatakuwa yameondoka na breki za zamani? Au niseme, nihatarishe ndoa ya miaka ishirini na sita kwa chuma kisichozidi kidole? Shemeji ana mikono, hafi njaa. Naogopa, Shangazi. Naomba unijibu mapema, kabla ya Jumamosi hiyo.

Ni mimi,
Mama wa Karavani

*

Mama wa Karavani,

Mguu haujambo, asante. Umekuwa wa kwanza kuuliza, na nilikuwa nimeanza kukupenda mpaka nilipofika kwenye aproni.

Hongera. Nimesoma barua za miaka kumi na moja, sijawahi kumpata mtu aliyeongoza maombi ili mwenzake aungame kosa la mwombaji mwenyewe. Na watu wakalia! Usiniambie hujui mkono ulitumwa na nani. Shetani ana shughuli nyingi, hakuja mpaka mlimani kukuchomolea pini.

Nisikilize vizuri. Kuisahau pini si dhambi, ni kazi ya mtu mmoja kupewa mtu anayefanya kazi tatu. Ungesema pale pale kwenye rundo la udongo, mngegombana nusu saa, Injinia angepiga honi, yangekwisha. Ulichokifanya ni kumwangalia mtu mzima akiapa kwa mama yake, huku jibu liko mfukoni mwako, ukaenda kuchemsha chai.

Umeuliza kama breki mpya zitazika ya zamani. Nilimpelekea swali lako fundi wa matela, mtu mpole asiyepoteza maneno. Amesema bosi wako amechagua vizuri, kwa njia zenu za umeme zinafaa kuliko za msukumo, lakini waya zipitishwe juu ndani ya bomba, mbali na mawe, na zipimwe kila asubuhi na mtu anayejua umeme. Nikamwambia anayezifunga ni dereva mwenye vijiko. Akacheka, kisha akaacha kucheka. Akasema waya ukiunganishwa vibaya, kidude kitawaka taa nzuri kabisa na tela halitashika kitu. Sasa niambie wewe uliyeketi kwenye gari lile: mtu anayejua umeme katika ukoo wenu ni nani, na Jumamosi atakuwa wapi? Eti hafi njaa. Kwa hiyo wewe ukitulia, hufichi tu la zamani. Unawapandisha watu wa kikosi kizima kwenye jipya.

Utafanya hivi. Mwambie mume wako leo hii, kabla hajafungua boksi. Maneno machache: niliacha pini ndani, niliiona, nikaificha. Usianze na mwaka mliooana, usilie kabla hujamaliza. Atafoka, mwache afoke. Akinyamaza, mwambie na yeye ana lake: alimhukumu ndugu yake kwa dakika mbili, na tangu leo goti au hapana goti, anayeshika usukani ashuke aone kwa macho yake kabla hajaondoa gari. Kisha simu ile ile iliyomfukuza Fyuzi imrudishe, na aipige aliyeipiga mwanzo.

Halafu mama mkwe. Halafu kikundi cha maombi, kwenye viti vilevile, na usiombe kwa ufasaha.

Kwa shemeji nenda mwenyewe, pale pale kibarazani, wapita njia wakisikia, maana matusi aliyapata hadharani. Usimbebee chakula. Msamaha si sahani. Akikataa kurudi kazini ana haki. Muulize tu kama atakubali kuzikagua waya kabla ya Jumatatu. Ndoa yako sijui itasemaje. Miaka ishirini na sita si kitu chepesi, lakini nayo haikupewa kazi ya kubeba hili.

Jambo la mwisho. Umeniandikia Injinia, umeniandikia Fyuzi, kisima, mlima, mpaka kinyozi, na hukuniomba nifiche hata moja. Anayetaka kujificha haandiki hivyo. Nami sikubadilisha kitu. Gazeti hili linasomwa sana vinyozini, na jirani yenu hufungua mapema. Mume wako asiyasikie kwa mtu mwenye mkasi. Liweke chini, nenda sasa hivi.