Padi Moja Kila Nyumba

Jumatatu, 7 Julai 2025

Mwinjuma kafika jana jioni kutoka Handeni. Zamu yangu. Kashusha begi, kashusha laptopu, kaulizia chai. Mimi nikaanza na laptopu. Mume atakunywa tu, hakimbiwi na chai.

Ketan wa duka la simu katuwekea gemu mpya. Anapenda hizi ndogo, zinazotengenezwa na watu wawili watatu chumbani kwao, si zile za makampuni makubwa. Anataka maoni yangu kabla hajazinadi kwa wateja. Tangu enzi za kibanda chetu cha gemu pale karibu na stendi, Korogwe wanajua Hamisa hasifii kitu ovyo.

Hii ina jina refu la Kizungu. Mimi naiita Bibi Panga. Bikizee anafukuza panya wakubwa kama mbuzi kwenye maghala ya mahindi. Ukweli wangu: panga lina uzito, ukipiga mkono unasikia. Kuruka ndiyo balaa — bibi anaruka kama kabeba gunia. Na bosi wa ghala la tatu, panya mkuu, hapigiki. Ameniua mpaka chai ya mwenye nyumba ikapoa.

Ndipo nikatazama kwenye sevu, pale gemu inapohifadhi kila mchezaji alipofika. Ya juu imeandikwa Y. Chini yake ndiyo yangu, H. Y yuko ghala la tano.

Kumbe gemu ilianzia Handeni. Yusra kaionja kwanza. Mke mwenzangu kanitangulia hata kwa panya.

Alhamisi, 10 Julai

Nimekwenda kwa Ketan kumpa maoni. Nikamwambia panga zuri, kuruka kubaya, bosi wa tatu dhuluma tupu. Akacheka kidogo. Eti, dada Hamisa, mbona bi mdogo anasema yule bosi ni mwepesi? Usimkimbilie, simama, msubiri achoke.

Kumbe Mwinjuma humpelekea maneno ya Yusra kwa simu. Naye Ketan kayachapa, kayabandika juu ya kaunta, pale pale yalipokuwa yanakaa yangu. Yangu yamesogezwa upande wa feni. Yanapepea.

Nikanunua waya wa chaji nisiouhitaji, nikaondoka.

Nyumbani nikasimama. Nikamsubiri bosi. Akachoka. Nikamuua palepale, kiulaini kabisa. Afadhali angeniua yeye.

Jumamosi, 12 Julai

Kaondoka. Laptopu nayo. Ndiyo sheria, laptopu inafuata zamu.

Padi za kuchezea, zile za kushika mkononi, hazifuati. Zilikuwa mbili, jozi moja, za kibandani kwetu. Alipooa Handeni mwaka juzi alitaka haki isipinde. Khanga doti kwa doti. Sufuria kwa sufuria. Na padi — moja ibaki kwangu, moja iende kwake. Nikamwambia, baba, padi si khanga. Akasema yeye ndiye atakayeulizwa mbele ya Mungu, si mimi. Sasa kila nyumba ina padi moja, haki imetimia, na gemu ya watu wawili haichezeki popote.

Na gemu ya watu wawili ndiyo gemu yangu. Mapacha. Ndugu wawili wamefungwa kamba moja kiunoni, wanapigana njia nzima mpaka lango la mwisho. Ukimwacha mwenzio nyuma, kamba inakuvuta, mnaanguka wote. Kasoro zake nazijua. Rangi zimepauka. Maadui ni walewale wanabadilishwa kofia. Haikubali kibodi hata uibembeleze, inataka padi mbili. Lakini hakuna gemu nyingine iliyowahi kunifanya nimshike mtu mkono bila kujua.

Tulifika langoni, mimi na Mwinjuma. Kila mmoja anatakiwa kushika mnyororo wake, asiuachie, huku mishale inakuja. Tulishindwa. Akaniahidi tutalifungua pamoja, yeye na mimi. Wiki iliyofuata akaniletea habari za Yusra.

Lango bado limefungwa. Kila laptopu ikirudi, hilo ndilo la kwanza kuliangalia, ingawa najua padi moja hailifungui. Sijui nitakuwa mtu gani siku nikilikuta wazi.

Jumatatu, 14 Julai

Nimeshona sare za shule tangu asubuhi. Hakuna gemu. Padi nimeitoa kabatini, nimeifuta vumbi, nimeirudisha.

Nawaza Yusra anacheza nini sasa. Nawaza akifa anacheka au ananuna. Akifa kwenye gemu, namaanisha. Astaghfirullah.

Alhamisi, 17 Julai

Laptopu imerudi, na mwenyewe. Lango limefungwa. Alhamdulillahi.

Mpya ni mbili. Ya kwanza nimeiita Mchwa na Taa. Mchwa mmoja kapotea kichuguuni, anarusha cheche. Muziki wake — nilisimamisha cherehani kusikiliza. Ila giza limezidi, unapigana na ukuta ukidhani adui, na kila kona kuna maandishi ya kusoma. Nimekuja kupigana, sikuja kufanya mtihani. Hata hivyo ni kazi ya mtu mwenye moyo.

Y kaimaliza. Yote.

Nilipeleka kishale kwenye kufuta sevu yake. Laptopu ikaniuliza, una uhakika? Nilikuwa na uhakika. Mwinjuma akaingia kuuliza chumvi iko wapi, nikatoka pale haraka kama mwizi wa kuku.

Ya pili ni ngumi juu ya paa la treni. Fupi, kali, vidole vinawaka moto. Hii niliipenda kweli, na Y hajaigusa! Nikamuuliza Mwinjuma sababu, kijuujuu, naosha vyombo. Akasema Yusra haitaki, anasema ni kelele bila akili.

Nimeicheza tena. Na mimi sasa naisikia kelele.

Jumapili, 20 Julai

Nimegombana na Mwinjuma.

Anafunga begi la Handeni, ananiomba padi yangu. Aiazime tu, zamu hii moja, yeye na Yusra wajaribu lile lango. Kalisema hivyohivyo, lile lango, kama la jirani.

Nikakataa. Akasema ni mchezo tu. Nikamwambia kama ni mchezo tu, mbona uliniahidi? Akakaa kitandani, soksi mkononi. Alikuwa kasahau. Nilimwona usoni, hakuwa anajifanya. Bora angenidanganya.

Nikamwambia yote. Kwamba umegawa nyumba, nimenyamaza. Umegawa siku, nimenyamaza. Lango hulipeleki. Nina wivu, ndiyo, nina wivu mpaka kwenye kucha, na usiniletee hadithi za haki.

Kaondoka bila laptopu. Kasema ikae huku, nyumba mbili zipumue.

Jumatano, 23 Julai

Zamu yangu imeanza leo bila mume. Asubuhi alipiga simu. Lori la mahindi la kazini kwake limewafia Kabuku, fundi anasubiri kifaa, atalala hukohuko. Sawa.

Baada ya adhuhuri, hodi. Nafungua — Yusra. Mara ya kwanza kukanyaga kwangu. Kaja na gari la Handeni, ana chupa ya asali ya kwao Misima na kibegi cha khanga.

Shikamoo, dada.

Nina miaka thelathini na nne. Nikaitikia marahaba, ningefanyaje.

Akanywa maji. Akasema aliposikia nimekataa padi, alifurahi. Alishamwambia Mwinjuma kwamba yeye hawezi kufungua lango la watu, mwenye lango akiwa hayupo. Kisha akafungua kibegi, akatoa padi. Ya kwetu. Ile yenye alama ya jino, ya enzi za kibandani.

Nikatandika mkeka.

Sasa maoni yangu ya kweli, maana huku sidanganyi. Anacheza vizuri. Mimi nakimbia, yeye anasubiri. Nikipotea, ananyoosha kamba kidogo, hanivuti. Akifa anacheka, anajifunika mdomo na mtandio. Tumekufa sana. Mwinjuma hakuwahi kucheza hivi, alikuwa akinivuta tu, nami nikidhani ndiyo mapenzi. Ningemchukia kwa raha kama angekuwa mbovu.

Tumeshika minyororo yote miwili. Lango limeanza kutikisika, sijawahi kuliona likitikisika. Alasiri ikaadhiniwa. Akasema tuipozi hapohapo, dada, niswali mara moja. Yumo chumbani kwangu anaswali. Mimi siko kwenye swala wiki hii, ndiyo maana naandika.

Simu inaita. Yake, hapa mkekani. Naona jina. Kamwandika Mume Wetu.

Kwenye simu yangu ni Mume Wangu. Mpaka leo sijabadilisha.

Imekatika. Inaita tena. Zamu ni yangu, na amempigia yeye mara mbili. Kwangu kimya tangu asubuhi. Hajui kama tuko pamoja. Anamtafuta Handeni.

Nimeigeuza simu kifudifudi.

Yusra katoa salamu. Anauliza kutoka chumbani, dada, nani alikuwa anapiga?

Padi zote mbili ziko mapajani mwangu. Bado sijamjibu.