Wanaokula Chungu Kimoja

Jeddah, 9 Julai 2016

Kwa dada yangu Priscah,

Pokea salamu nyingi. Mimi ni mzima, namshukuru Mungu, na natumaini wewe, Mama na watoto hamjambo. Mgongo wa Mama unaendeleaje? Madam ametutoa Riyadh tuje kula Idi kwa mamake hapa Jeddah, na ndipo nilipokutana na Maryann anayekuletea barua hii. Nimeifunga kwa selotepu pande zote. Ukiikuta imefunguliwa, niambie.

Mwezi uliopita nilipigiwa simu na mtu aliyejiita Nahashon, eti mtafiti wa chuo kikuu. Alisema alifika kwetu kuuliza tunakula nini mahindi yakipanda bei na watoto wanafanya kazi gani, na kwamba wewe ndiye uliyempa namba yangu. Nilimwona mkora tu. Nikamwambia kama kweli alifika, anieleze mlango wa jikoni kwetu. Akasema umefungwa kwa kamba ya buluu. Hapo nikalegea kidogo.

Akanisomea majina ya wanaokula chungu kimoja nyumbani: Mama, wewe, na wanao Derrick na Jeremy. Basi. Nikamwambia amemsahau binti yangu Ashley. Akajibu kwamba aliandika alivyoambiwa, na anayeandikwa ni yule anayekula hapo siku nyingi za mwezi.

Dada, sijatulia tangu siku hiyo. Kila nikipiga simu Ashley yuko mtoni, au kwaya, au amelala. Mtoto gani wa miaka kumi na mmoja analala saa kumi na moja jioni? Halafu unaniambia mahindi yamekuwa ghali, lakini tangu Januari hujaniomba hata pesa za kusaga. Hiyo si tabia yako, na unajua. Na Peris mwenye duka la nafaka sokoni, ambaye zamani hukutaka hata kumsalimia, siku hizi ni Peris wetu.

Sasa na mimi niseme langu. Nahashon aliniuliza kama kuna mtoto wetu anayefanya kazi kwa watu. Nilijibu upesi kwamba hapana, wote wako shule. Nilidanganya. Mwezi wa pili, Ashley aliponisalimia kwa simu, nilisikia mtu nyuma yake akimhimiza amalize kupepeta maharagwe, wateja wanangoja. Nilijua palepale kwamba yuko kazini dukani kwa Peris. Nikanyamaza, kwa sababu ningeuliza ningelazimika kurudi, na kafili, mwajiri aliyenidhamini huku, ndiye ameshika pasipoti yangu. Nilikuachia mzigo huo peke yako ili mimi nipate usingizi. Naona aibu sana.

Juzi nilimpigia Nahashon, nikamwambia afute lile hapana langu. Akakubali. Nikamwomba aandike na jina la Ashley chini ya lako. Alisema hilo hawezi, mpaka mtoto awe anakula kwetu.

Basi mrudishe. Habari ya mahindi niachie mimi. Ijumaa jioni nitapiga, na nataka apokee yeye, kabla hujamfundisha la kusema.

Nisalimie Mama, Derrick na Jeremy. Ashley usimsalimie kwa niaba yangu. Nitamsalimia mwenyewe, akiwa nyumbani.

Mdogo wako,
Jael