Mto Uliobandikwa Ukutani

Jumapili, 2 Juni 1996

Baada ya Misa Padri katangaza. Wageni wa kampuni moja ya Dar wanakuja wiki ijayo ukumbi wa parokia. Wanatafuta vikundi vyenye wazo la biashara — wao waweke mtaji, faida igawanywe. Kila kikundi kipewe dakika kumi na kije na karatasi kubwa za kubandika ukutani. Zisizidi nane.

Sisi kina mama wa kahawa wazo tunalo siku nyingi: mtambo mmoja wa kumenya na kuosha kahawa ya wote. Sasa hivi kila nyumba inamenya kivyake. Huyu anaosha vizuri, yule anaanika chini kwenye vumbi. Wanunuzi binafsi walioletwa na soko huria wanachanganya yote gunia moja na kutupa bei ya ile mbaya.

Mwenyekiti wetu, Kunigunda, kasema azungumze Ottilia, yaani mimi, maana hata kwenye jumuiya hakuna aliyewahi kumnyamazisha. Walicheka sana. Nimekubali.

Jumatano, 5 Juni

Winnie kafika kutoka Songea. Ni binti wa dada yangu, yuko benki, anajua mambo haya. Nikamwonyesha karatasi yangu ya kwanza kwa fahari: salamu, shukrani kwa Mungu, historia ya kikundi, majina ya kina mama wote.

Kasoma mpaka mwisho. "Mama mdogo, hapa dakika zimekwisha na bado hujasema unataka nini."

"Mtu haanzi kuomba kabla ya kusalimia."

"Salimia kwa mdomo. Karatasi ianze na tatizo."

Kumweleza mgeni shida ya nyumbani kabla hajakaa — aibu iliyoje! Lakini nimefanya. Tumebandika kahawa yenyewe kwa gundi ya uji, chafu upande huu, safi upande ule. Hata mtoto angeelewa. Baadaye zinafuata karatasi za mtambo, nani atanunua, kazi ya kila mtu, faida itagawanywaje. Kila karatasi neno moja tu. Mimi wa neno moja! Bwana anisaidie.

Ijumaa, 7 Juni

Karatasi ya sita. Winnie kauliza, "Maji mtatoa wapi?" Kahawa bila maji haioshwi. Nikachora kijito cha kwa baba mkwe, Mzee Nicholaus, na pale tambarare pa kuweka mtambo. Kimetoka vizuri, hata mawe yanaonekana.

Mume wangu, Alphonce, akaja akakitazama. "Mzee anajua?"

Hajui. Nikamwambia Alphonce aseme yeye keshokutwa kwenye sengu. Kila Jumapili ukoo wetu bado unapeleka chakula kwa Mzee, wanaume wanakula pamoja naye, kisha ndipo mambo yanasemwa. Neno la ukoo halitoki nje kabla ya kupita pale. Na mimi mke wa mwana siwezi kulianzisha.

"Nitasema," kajibu. Alivyojibu sikupenda.

Jumapili, 9 Juni

Maandamano ya Ekaristi yamechukua muda. Tulifika kwa Mzee jua limeshageuka. Nilipeleka ugali na maharage, nikakaa na wanawake wenzangu, sikio huko kwa wanaume. Wamekula. Wamenawa. Wakazungumza mpaka wa shamba la shemeji yangu Cletus, mpaka, mpaka, mpaka tu! Nikamkonyeza Alphonce. Akatazama juu kama anayetafuta mvua. Juni hii!

Njiani kasema Mzee alikuwa amekasirishwa na ule mpaka, angeanzaje na mto? Wageni ni keshokutwa. Nikasali rozari nzima bila kujua niko tendo gani.

Jumanne, 11 Juni

Nimesimama. Wageni ni wawili, bwana mmoja mnene na mama wa miwani. Yule mama aliinuka akaigusa ile kahawa kwa kidole. Akauliza kiangazi maji yanabaki? Nikasema yanabaki, hata mwaka ule wa ukame yalibaki. Akamnong'oneza mwenzake. Halafu: "Kesho tunaweza kupaona? Na mwenye eneo awepo?"

Nikasema ndiyo.

Ndiyo ile ilitoka yenyewe. Kunigunda aliinamisha kichwa. Vikundi vingine havikuulizwa kitu.

Jumatano, 12 Juni

Asubuhi nimekwenda kwa Mzee peke yangu. Nikapiga magoti.

"Shikamoo Baba."

"Marahaba. Nasikia mto wangu umebandikwa ukutani."

Kaniambia nikazilete zile karatasi. Nikazitandaza uani, nikaweka mawe kwenye pembe. Hasomi, lakini alizipitia moja moja, akakaa sana kwenye ya sita.

"Umechora maji. Waliolala juu yake hukuwachora."

Ni kweli. Makaburi ya ukoo yako pale juu, babu zake wote, na mtoto wangu wa pili. Sijui ilikuwaje nisiyaone. Nililia. Hakunikemea; angenikemea ingekuwa afadhali. Kasema, "Hili ni la sengu."

"Baba, sengu ni Jumapili. Wageni wanaondoka leo."

"Basi sengu ni leo. Kapike."

Kamtuma Alphonce kuwaita ndugu zake mashambani. Gari la wageni limefika kabla yao. Mzee kawakaribisha vigoda, kawaambia watakula kwanza, maneno baadaye. Yule bwana mnene anatazama saa. Dereva kaja mpaka jikoni: "Mama, hawa wanatakiwa Songea leo, na ile barabara unaijua. Mwambie Mzee aseme tu ndiyo au hapana."

Nikamjibu, "Ndugu yangu, Mzee akisema sasa, kabla ya sengu, atasema hapana."

Naandika huku maji ya ugali yanachemka. Winnie anachambua mboga. Kina Cletus ndio kwanza wanaonekana kule mteremkoni, wanatembea kama watu wasio na haraka duniani. Mzee yuko na karatasi ya sita mapajani. Bwana mnene keshaingia garini, mlango kauacha wazi. Mama wa miwani kainuka. Karai la kunawia liko njia hiyo hiyo ya kwendea garini, na bado sijui anakwenda kunawa au kupanda gari.