Nyumba Inahesabu Simu

Jumapili, La Rochelle. Jua limewaka tangu asubuhi, lakini ni jua la Julai, na Julai huku kusini mwa Afrika ni majira ya baridi: jua la kuangalia tu, halimpashi mtu joto. Nimekaa kitandani na viatu miguuni. Sina huzuni, sina hasira. Nimekula vipande vinne vya mkate na sikumbuki ladha ya hata kimoja.

Kambo ameondoka leo. Kambo ni bibi yangu, mama wa mama yangu, aliyetoka Lubumbashi mwezi wa tano aje akae nasi moja kwa moja. Moja kwa moja imekuwa wiki saba.

Naandika hapa kwa sababu nyumbani sijasema.

Kwanza mnijue vizuri, msije mkadhani aliyefanya haya ni mjinga wa kawaida. Shule niliiacha darasa la kumi, au yenyewe iliniacha, tusibishane. Lakini mtaa huu, mtu akitaka taa iisikilize simu, anaitwa nani? Wenye vyeti wanakuja na ngazi na karatasi za maelekezo. Mimi nakuja na bisibisi moja na mdomo. Kwetu nimeunganisha vitu saba: balbu nne, televisheni, spika, na hita ya sebuleni. Vyote vinatii simu yangu kuliko mimi ninavyomtii Mama.

Fahari yangu ilikuwa kanuni moja. Mama anasuka nywele saluni, huko Rosettenville, na kila jioni alirudi na wimbo uleule: mmetoka mmeacha taa, mmetoka mmeacha hita. Nikamwambia, Mama, tulia, una injinia ndani. Nikaandika: simu zote zikitoka kwenye waifai ya nyumba, basi nyumba ni tupu. Ikiwa tupu, zima vyote saba, acha friji. Simu ya kwanza ikirudi, washa. Na ili mtu asiniharibie mpango, swichi za ukutani nikazibandika selotepu, juu yake nikaandika USIGUSE kwa kalamu nyekundu. Kitufe cha hita nacho nikakifunga kwa programu, kikabaki pambo.

Washkaji walikuja kuona. Tunatoka hadi spaza, kiduka cha kona, nyumba inazima. Tunarudi, tukigusa geti tu, inawaka yenyewe. "Bra, wewe ni mchawi," wakasema. Nikawaambia mchawi anachoka, mimi sichoki.

Kambo hana simu. Hataki. Anasema mtu akimtaka, mlango anaujua.

Nyinyi mmeshaelewa. Mimi imenichukua wiki saba.

Leo baada ya ibada alikuja Tantine Odette, mdogo wake Mama anayekaa Malvern, na gari la kuazima. Kambo alikuwa tayari kwenye kochi, amevaa koti, begi liko miguuni. Mama alidhani wanakwenda kutembea.

"Simuchukui kutembea," Tantine akasema. "Anakuja kukaa kwangu. Yaya, dada yangu, namna gani mama yetu anashinda mu baridi kama mbuzi?"

"Baridi gani? Hita si hiyo?" Mama akaionyesha. Ilikuwa imewaka, nyekundu kabisa, maana Jumapili simu zote zipo ndani.

"Mukiwa hapa! Mukitoka inazimika. Na taa nayo. Anakaa na blanketi mu giza, mapazia yamefungwa kuzuia upepo, mpaka saa kumi."

Mama akanigeukia. Mambo ya waya ni yangu. Na mimi, fundi wa mtaa mzima, nikasema, "Eish, Mama, ni umeme wa huku. Mchana wanakata."

Uongo ulitoka wenyewe, laini, hata sikuusukuma.

Kambo hakuniangalia. Alikuwa akihangaika na kifungo cha koti. "Si umeme," akasema polepole. "Friji ilikuwa inanguruma."



"Usikasirike, mwanangu," akamwambia Mama. "Nyumba ya bantu bengine iko na sheria yake. Niliona baliandika nisiguse, sikugusa. Miye nilisoma kwa masista, najua kusoma." Akacheka kidogo, kama mtu anayewaomba radhi wenye nyumba. "Nilikuwa nangojea tu kijana arudi. Akirudi, moto unarudi."

Hapo ndipo kitu fulani ndani yangu kilipozima, na hadi sasa hakijawaka.

Maana kila siku nikirudi saa kumi, Kambo alikuwa mlangoni. Ananishika mikono yote miwili: "Aksanti Mungu, umefika." Kila siku ya Mungu. Niliwaringia binamu zangu wa Malvern: nyinyi mnapewa salamu, mimi napokelewa kama waziri, nani mjukuu kipenzi? Viganja vyake vilikuwa vya baridi. Nikamtania, "Kambo, leo umeshika barafu?" Akacheka. Nikacheka.

Sasa sijui alikuwa akinipokea mimi au hita.

Walipoondoka nilifungua historia kwenye programu. Zamani niliifungua kwa raha, kama mtu anayesoma sifa zake gazetini. Kila siku ya kazi ni mistari ileile. Saa mbili na dakika kumi: nyumba tupu, vitu saba vimezimwa. Saa kumi: mtu amefika, vitu saba vimewashwa. Katikati hamna kitu. Nilishuka na kidole hadi mwezi wa tano. Pale katikati, pasipoandikwa kitu, ndipo bibi yangu alipokuwa amekaa, na soksi zake mbili mbili, anasikiliza friji.

Programu haikukosea. Hilo lingeniudhi, kama leo ningekuwa na uwezo wa kuudhika. Ilifanya nilichoiambia. Nilikuwa nimeiambia kwamba mtu ni simu.

Nikajaribu kumwongeza. Kuna sehemu ya kuongeza mtu wa nyumbani. Nikaandika jina lake lote, hata la ubatizo. Ikaomba namba yake ya simu. Nikarudi nyuma, nikaingia tena, ikaomba tena. Basi nikaifuta kanuni yote. Nikazunguka nyumba nikibandua selotepu, na rangi ya ukuta ikatoka nayo.

Mama alinikuta sebuleni na vipande mkononi. Maandishi mekundu yanasomeka hata vipande vikiwa vimejikunja. Mama si mjinga, alisimama tu pale akingoja, na mimi, ninayewamaliza watu wa mtaa mzima kwa maneno, nikavitia vipande mfukoni. Akaenda chumbani kwake.

Baadaye Tantine alimpigia. Ukuta wetu ni mwembamba. "Mi sijui, Odette," Mama alikuwa akisema. "Mi ninakuwaka kazini. Unafikiri naweza kumufanyia mama yangu vile?" Alirudia hiyo mara mbili. Nilisikiliza kama mtu anavyosikiliza redio ya jirani. Mama yangu alikuwa akijitetea kwa dada yake kwa kitu nilichofanya mimi, na mimi nilikuwa nafungua kamba za kiatu, nazifunga, nazifungua.

Nimejaribu kumwandikia Tantine ujumbe. Mara tatu. Kila mara unaanza na maelezo ya waifai na unavyoendelea unazidi kuwa na akili, hadi ukifika mwisho kosa ni la kampuni iliyotengeneza soketi. Mimi ni hodari kwa hilo. Nimefuta jumbe zote tatu.

Asubuhi, kabla Mama hajaenda saluni, namwambia yeye kwanza. Kisha napanda teksi hadi Malvern. Nitakaa mbele ya Kambo bila kumtania, jambo ambalo sijawahi kulijaribu, na nitamwambia haikuwa sheria ya nyumba. Hakuna aliyekaa akaamua akae gizani. Ni mimi. Nilihesabu watu wa nyumba hii, na yeye sikumhesabu.

Labda atachukua begi tuje wote. Labda atanipikia bukari, ugali wa kwao, ningoje uive, nile, halafu aniambie nirudi peke yangu.

Akisema hivyo, nitarudi peke yangu. Ila Mama hatajitetea tena kwenye simu.